Harambee: watoto 24 wafike John Day kabla ya theluji

Wapendwa wazazi, waumini na marafiki wa shule yetu ya Kiswahili ya Jumamosi hapa Boise, Bwana asifiwe.

Tunarudi kwenu tena kuomba mchango wa safari ya watoto kwenda John Day, mji mdogo wa jimbo jirani la Oregon, na si bila haya, maana vitabu na meza mlizotununulia bado ni vipya. Lakini mliona wenyewe yale ya Mei, safari ilipokwama: watoto 24 wamekaa kwenye maegesho ya kanisa saa mbili nzima, vyakula mapajani, mpaka wakarudishwa nyumbani.

Basi la kanisa giaboksi yake inateleza. Dereva akikanyaga mafuta injini inavuma tu, mwendo hauongezeki, na oili imekuwa nyeusi, inanuka kuungua. Mjini linajikokota. Ukishapita mji wa Vale, mashariki mwa Oregon, barabara namba 26 inapanda vilele kadhaa, cha mwisho Dixie, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mpando mrefu namna hiyo huchemsha oili, na giaboksi ikifia kule, vituo vya mafuta ni vya kuhesabu na mji uko mbali. Giaboksi mpya ni ghali kuliko kukodi basi zima. Ndiyo maana tunaomba la kukodi.

Kwa nini John Day? Kwa sababu ya nyumba moja ndogo ya mawe, Kam Wah Chung, ambayo sasa ni makumbusho. Ing Hay, mganga wa mitishamba, na Lung On, mfanyabiashara, walitoka Guangdong, kusini mwa China, wakaiendesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1880. Ilikuwa duka, zahanati, mahali pa ibada na pa kulala wageni. Sheria ya Marekani ya 1882 ilikuwa imekwisha kuwafungia mlango vibarua wa Kichina, na haikufutwa mpaka 1943. Mlango wa nyumba umefunikwa bati la chuma, na alama za risasi zipo hadi leo.

Ing Hay alitambua ugonjwa kwa kushika mapigo ya mshipa wa mkono. Dawa zake, aina zaidi ya 500, zimebaki kwenye masanduku na makopo yake, kwani alipoondoka 1948 nyumba ilifungwa ikasahaulika karibu miaka 20. Ilipofunguliwa, zilikutwa chini ya kitanda chake hundi za takriban dola 23,000 ambazo hakuwahi kuzipeleka benki. Zilikutwa pia barua kutoka nyumbani kwao, ndugu wakiwasihi warudi. Hawakurudi. Watoto wetu wanazijua barua hizo, ila wao huzisikia kwenye simu, bibi akiuliza kutoka Uvira mtakuja lini. Tena mwaka 1870, kati ya watu 14,999 waliohesabiwa hapa Idaho, 4,274 walikuwa Wachina. Mtoto anayeambiwa shuleni kwamba yeye ni mgeni, aijue hesabu hiyo.

Kiingilio ni bure. Gharama ni njia. Basi na dereva dola 1,850, mafuta 240, chakula na maji 190, akiba ya dharura 120, jumla dola 2,400, yaani dola 100 kwa kila mtoto. Mkononi tulikuwa na 985, na 925 kati yake tumeshalipa kama nusu ya basi. Zimepungua dola 1,415. Katika hizo, 400 ziliahidiwa mbele ya kanisa na hazijaletwa. Hatutaji jina la mtu. Ahadi ni deni, na mwenye deni anajijua. Salio la basi lisipolipwa kufikia tarehe 5 Septemba, ile 925 inapotea. Kusogeza mbele haiwezekani: makumbusho hufungwa Oktoba ikiisha, na theluji inaweza kuwahi Dixie kabla ya hapo.

Fedha apokee mweka hazina peke yake, kwa risiti. Hesabu itasomwa Jumapili baada ya safari, na kitakachobaki kitaingia kwenye giaboksi. Akina mama wa kwaya wamejitolea kupika chapati na maharage. Anayeweza kuleta unga na mafuta ya kupikia naye amechanga.

Vyumba ni vidogo, na haviingiwi bila mwongozaji, kwa hiyo watoto wataingia wanane wanane huku wengine wakisubiri kwenye kituo cha wageni. Mabegi yabaki kwenye basi: begi la mgongoni mtoto akigeuka huangusha kopo la miaka mia. Haja zote zimalizwe Vale.

Tunaondoka Jumamosi tarehe 19 Septemba, saa 12 kamili asubuhi. Saa za John Day ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Tutatoka kule saa 7 mchana kwa saa zao, na kufika kanisani saa 12 jioni kwa saa za Boise. Mzazi atakayesahau tofauti hiyo na kuja saa 11 atasimama saa nzima.