Barua ya malalamiko: diski yetu ilifomatiwa kabla ya kunakiliwa

Meneja,
Kituo cha Matengenezo ya Kompyuta na Kufufua Data,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI YA KUREJESHA PATISHENI ILIYOFUTWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumanne iliyopita saa 4:10 asubuhi, mapokezi yenu yalipokea diski ya nje ya TB 2, mali ya ofisi yetu ya upimaji ardhi iliyopo Mikocheni. Kwenye fomu ya kazi tuliandika mambo matatu: patisheni ya pili (sehemu ya pili ya diski) imefutwa kwa bahati mbaya kwenye Disk Management, zana ya Windows ya kugawa diski, hakuna kilichoandikwa baada ya hapo, na msiandike chochote kwenye diski hii. Saa 9:00 alasiri siku hiyohiyo tukapigiwa simu kwamba kazi tayari. Tulilipa shilingi 350,000, tukapewa risiti ya EFD pamoja na fomu yenye maneno ya fundi: "Nakala ya diski nzima imechukuliwa. Data imerudi 100%."

Sentensi zote mbili si za kweli, na shahidi wetu ni diski yenyewe.

Tuanze na nakala. Diski hii ina sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, 3,907,029,168 za baiti 512 kila moja. Tulipoichukua kwenu tuliinakili yote kwa programu ya ddrescue kupitia USB 3.0, ikatuchukua saa 6 na dakika 10, yaani kama MB 90 kwa sekunde. Diski ilikaa kwenu saa 4 na dakika 50. Hata kama fundi angeichomeka palepale mapokezi, nakala isingekuwa imekwisha mlipotupigia simu, sembuse kutafuta mafaili ndani yake. Unakili wetu haukukuta sekta mbovu hata moja, na SMART, yaani kumbukumbu ya afya ya diski yenyewe, inasoma sifuri kwenye 05, C5 na C6, ambavyo ni vihesabio vya sekta mbovu. Kwa hiyo lile jibu la kwenye simu kwamba "diski ilikuwa imechoka" tunaomba lisirudiwe.

Sasa fomati. Tuliifungua rekodi ya kwanza ya MFT, orodha kuu ya mafaili yote, kwenye patisheni tuliyorudishiwa. Tarehe ya kuundwa kwake ni Jumanne ileile, saa 07:42 kwa UTC, ambayo kwa saa zetu ni saa 4:42 asubuhi. Dakika 32 baada ya kupokea diski, fundi alitengeneza patisheni mpya kwenye nafasi ileile na kuifomati kwa NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili), fomati ya haraka. Tunashukuru walau hakuchagua fomati kamili, maana tangu Windows Vista hiyo huandika sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho wa patisheni na tusingekuwa na la kuandikia barua.

Kilichotuuma ni kwamba tatizo lilikuwa dogo. Patisheni inapofutwa kwenye diski ya GPT (mtindo wa kisasa wa kugawa diski), kinachoondoka ni mstari wake kwenye jedwali la patisheni, baiti 128. GB 640 za ramani na michoro zilikuwa zimelala mahali pake bila kuguswa. Alichotakiwa kufanya fundi ni kuchomeka diski kwa njia ya kusoma tu, kuchukua nakala kwenye diski nyingine kubwa zaidi, kisha kufungua nakala hiyo kwa TestDisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea: Analyse, Quick Search, na patisheni ikionekana abonyeze P aone orodha ya mafaili, halafu ayanakili kwa C kwenda diski ya tatu. Hata sekta ya buti ya mwanzo, inayoeleza mpangilio wa patisheni, ingekuwa imeharibika, NTFS huweka nakala yake kwenye sekta ya mwisho ya patisheni. Folda zote zingerudi na majina yake.

Badala yake, fundi aliendesha PhotoRec, programu inayookoa mafaili bila majina yake ya awali, na kuiambia ihifadhi matokeo kwenye patisheni ileile aliyokuwa akiitafuta. Programu yenyewe huonya jambo hilo pale unapochagua mahali pa kuhifadhi. Tumekuta folda recup_dir.1 hadi recup_dir.123, mafaili 61,384, jumla GB 212. Maana yake GB 212 za nafasi ambayo ilikuwa bado na data yetu zimeandikwa juu. Mfano mmoja: faili la mchoro f0482176.dwg linaanza vizuri, herufi zake za mwanzo ni AC1027 kama mchoro wowote wa AutoCAD 2013, lakini kuanzia katikati ni vipande vya picha ya JPEG. Halifunguki. Mafaili mengine yamejirudia mara mbili, kwa sababu PhotoRec ilisonga mbele ikakutana na yale iliyokwisha kuyaandika yenyewe ikayaokoa tena. Hayo nayo yamehesabiwa kwenye hiyo 100%.

Na hasara kubwa haiko kwenye GB 212. Iko kwenye majina. Kwa klasta (mafungu ya sekta) za KB 4, Windows kwa kawaida huanzisha MFT kwenye klasta namba 786432, GB 3 kutoka mwanzo wa patisheni. Patisheni mpya ilianzia pale ilipoanzia ya zamani, hivyo MFT mpya ikakaa juu ya MFT ya zamani. Kila faili jipya linachukua rekodi ya KB 1 kwenye MFT. Mafaili 61,384 ni MB 60 za rekodi mpya, zilizofuta MB 60 za rekodi za zamani zenye jina la faili, folda, tarehe na mahali data ilipo. Kwa maneno mengine, kila faili lisilo na jina ambalo fundi aliliokoa liliua rekodi moja yenye jina. Kwenye nakala yetu tumepata rekodi za zamani 13,000 hivi zilizosalimika, na zote ziko baada ya hizo MB 60 za mwanzo: kazi za karibuni. Za miaka ya nyuma zimekwenda.

Kwa mpima ardhi jina la folda ni nusu ya kazi. f0482176 ni namba ya mahali faili lilipokutwa kwenye diski. Haikuambii kama kiwanja kiko Goba au Kigamboni, wala ni kitalu gani.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo. Mturudishie shilingi 350,000 zote. Mtupe kwa maandishi hatua alizochukua fundi tangu saa 4:10, pamoja na faili la photorec.log (kumbukumbu ya kazi ya PhotoRec) kama lipo kwenye kompyuta yenu, kwa sababu litatusaidia kujua ni sekta zipi zilisomwa kabla ya kuandikwa juu. Mlipie gharama za kuyalinganisha mafaili na vitabu vya kazi za uwandani, ambazo ankara yake tumeiambatisha. Na kama kuna faili letu lolote limebaki kwenye mashine zenu, mtukabidhi nakala kwanza, kisha mlifute mbele ya mtu wetu: humo mna saini na nakala za vitambulisho vya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu ninyi kama inavyotuhusu sisi.

Tunasubiri majibu ndani ya siku 14. Tusipoyapata tutapeleka suala hili Tume ya Ushindani. Diski tunayo, imefungwa kwenye bahasha na haijachomekwa tena tangu tuinakili. Fundi wenu akitaka kuhakiki haya anakaribishwa ofisini, na tutampa nakala ya kufanyia kazi.

Wenu,
Kitengo cha TEHAMA,
Ofisi ya Upimaji Ardhi,
Mikocheni, Dar es Salaam.