Mbukwenyi, na heri ya Krismasi kutoka Dodoma

Mbukwenyi wapendwa! Ndugu, jamaa, majirani wa Nkuhungu na wanafunzi wangu wa zamani popote mlipo, tumshukuru Mungu aliyetufikisha tena msimu wa kuzaliwa Bwana. Wengi tulianza nao Januari na leo hawapo. Nawatakia nyote afya, amani na baraka tele.

Mwaka haukuwa mwepesi. Mvua za kwanza zilinyesha zikakata, na wapo waliopanda uwele mara mbili. Mafuta ya alizeti, yanayokamuliwa hapahapa kwetu, yanauzwa pale Majengo kama vile yamevuka bahari. Nyama msiniulize. Najua mama wengi wanapiga hesabu usiku, watoto wakishalala, ya namna watakavyovaa na kula siku hiyo moja.

Nyumbani kwetu pigo lilikuwa jingine. Mwezi wa nane tulimzika baba mkubwa, Mvumi. Alikwenda vita vya Kagera mwishoni mwa 1978 akiwa kijana, akarudi mwaka uliofuata, Kampala ikiwa imeshaanguka. Alivyoviona hakuvisimulia. Ila kila Krismasi, kabla ya sala ya chakula, alikuwa akituhesabu mmoja mmoja kwa kidole, midomo ikicheza. Utotoni nilidhani anapima nyama itatosha watu wangapi.

Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake, tukakuta daftari la shule lenye beti za utenzi. Moja nimeshindwa kuisahau:

Jina lako limetajwa,
Mara tatu likangojwa,
Na uji haujaonjwa,
Ndugu yangu uko wapi.

Ndipo nikaelewa kile kidole.

Nimefundisha fasihi zaidi ya miaka ishirini. Nimewaambia vijana kwamba maisha ya mshairi huingia katika shairi lake, nikaandika ubaoni, nikafuta, nikaenda chai. Mwaka huu nilirudi kuwasoma upya washairi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa macho ya mfiwa. Rupert Brooke, Mwingereza, aliandika mwaka 1914 kwamba kuifia nchi ni jambo tukufu. Aprili 1915 alifariki melini, akielekea Gallipoli, kwa sumu iliyoingia damuni baada ya kuumwa na mbu. Hakuwahi kukaa kwenye mahandaki yale ya Ufaransa. Simlaumu, aliandika alichokijua.

Wilfred Owen, Mwingereza mwenzake, aliyajua mahandaki. Aliingia Januari 1917. Majira ya kuchipua kombora lilimrusha, akakaa siku kadhaa karibu na mabaki ya ofisa mwenzake, akatoka humo akitetemeka. Wakampeleka hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, na huko akakutana na Siegfried Sassoon, askari mwenye nishani aliyekuwa ametangaza hadharani kwamba vita vile vinarefushwa bure. Sassoon akampitishia kalamu kwenye rasimu zake. Hapo likazaliwa shairi linalouliza ni kengele gani zitawalilia hawa wanaokufa kama ng'ombe. Sisi Wagogo, watu wa ng'ombe, mstari huo hauhitaji mwalimu.

Owen alirudi mstari wa mbele mwenyewe, akauawa tarehe 4 Novemba 1918 kando ya mfereji wa Sambre-Oise, akiwa na miaka 25. Vita vilibakiza wiki moja. Telegramu ya kifo ilimfikia mama yake mjini Shrewsbury tarehe 11, kengele za makanisa zikilia kwa furaha ya amani. Nikizisikia kengele zetu mkesha wa Krismasi, sasa namfikiria mama yule.

Wala tusidhani vita vile vilikuwa vya kwao tu. Vilipita hapa. Wadachi, yaani Wajerumani, kwanza, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, mvua nayo ikagoma, na wazee wetu wakaiita njaa ile Mtunya. Pwani, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikuwa ameshavitungia utenzi vita vya Wadachi vya 1888 na 1889, kwa sababu vilimpitia mlangoni. Sisi wa bara je, nani ametuandikia Mtunya kwa kiasi kinachostahili? Nauliza kwa uchungu.

Basi ndugu zangu, sikukuu hii zimeni simu. Kaeni na wazee. Mzee akinyamaza, msikimbie kimya chake. Mleteeni chai, mngojeni. Anayejua kuandika aandike, Kigogo kwa Kigogo, Kiswahili kwa Kiswahili. Vijana mnaoimba vita kwa mdundo mtamu na bunduki za mbao, muulizeni kwanza aliyeishika ya kweli. Nanyi wazazi, msiwafundishe watoto kumchukia jirani wa nchi nyingine, wala wa dini nyingine, wala wa chama kingine. Chuki huanza kwa utani mezani. Mfalme wa Amani alilazwa horini, mahali pa ng'ombe, na Herode alikuwa tayari ameshika upanga.

Nawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye heri na fanaka. Mvua inyeshe kwa kiasi, uwele uzae, wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama.

Chakula cha mchana tutakula Mvumi baada ya ibada, ugali na mlenda vitakuwepo, na kuku Mungu akipenda. Mtakaokuja njooni mapema. Kabla ya sala, mwaka huu nitawahesabu mimi.