Kwako mdogo wangu, kuhusu siku ile ya mlima Wanale, Uganda

Mdogo wangu,

Ujumbe wangu wa mwisho uliusoma, tiki za bluu niliziona, hukujibu. Basi nakuandikia hapa mbele za watu, kwa kuwa nawe ulinisema mbele za watu. Ulisimama kwenye matanga ya Mama, wajomba wote wameketi, ukauliza ni nani aliyempandisha mlimani mama wa miaka 71 mwenye goti bovu. Hukunitaja jina, lakini macho yote yalinigeukia.

Nilisema njia ni rahisi, sikatai. Ni rahisi. Gari linafika hadi senta, kinachobaki ni mwendo wa saa moja katikati ya migomba na kahawa. Watoto wa pale huipita wakikimbia na madumu ya maji kichwani. Na Mama mwenyewe ndiye aliyeomba. Tangu Baba atutoke alikuwa akisema anataka kukiona tena kile kibanda cha kulindia moto, alikokuwa akimpelekea Baba chakula kabla msitu haujafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993.

Wewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mimi nakumbuka Januari zile, nyasi kavu, watu wanachoma mashamba, Baba kaniketisha juu ya jiwe ananifundisha kutazama. Ukungu hulala mabondeni, jua likipanda unaondoka. Moshi wa jikoni hukaa mahali pamoja. Moshi unaotembea, huo ndio wa kukimbilia. Akiuona alishuka mbio kuwaita wanakijiji, wakakata matawi mabichi, wakaenda kuupiga moto kabla haujafika kwenye mianzi. Mianzi ikiungua, alisema, malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayokula, tutayatoa wapi?

Siku ile ulikuwa mwema, sitaki watu wakudhanie vibaya. Ulinunua chapati na mayai za wote, ulimbebea Mama mkoba. Tulipopita chemchemi akachoka, akakaa kwenye jiwe, akavua viatu, akajifuta uso kwa leso. "Tangulieni," akasema. Ukatangulia na watoto. Kwa hilo sikulaumu.

Lakini simu yangu ikaita. Wewe, kwa video, uko juu. "Mpe Mama!" Nikampa. Ukamzungushia kila kitu: nguzo, paa lililotoboka, jiwe la Baba, mji wa Mbale wote chini, barabara inayokwenda Kumi. Watoto wanamwita bibi yao, "Jaja! Jaja!" Mama aliishika simu kwa mikono miwili, mbali na macho, vile alivyokuwa akishika karatasi za hospitali. Akatazama mpaka mwisho. Kisha akanirudishia, akaanza kuvaa viatu.

"Nimeona. Turudi."

Kona mbili tu zilibaki, mdogo wangu. Aliamka saa kumi usiku, akavaa gomesi, gauni lake refu la kanisani, aende kwenye kibanda cha mumewe. Nawe ukamwonyesha kwenye kioo cha simu, akaona hakuna tena sababu ya kupanda.

Siku nyingine ukipanda na mzee, na mama mkwe wako bado yupo, Mungu amtunze, mwache yeye awe mbele, nyote mfuate mwendo wake. Akikaa, kaeni. Mkatie fimbo, mbebee maji, muulize goti mapema. Mimi yote hayo niliyafanya. Fimbo nilimkatia. Goti nilimuuliza mara tatu mpaka akanifokea. Nilibaki naye pale kwenye jiwe wakati ninyi mnapiga picha. Kwa hiyo mtu asiniambie sikumjali. Ni kweli, aliposema turudi sikumbembeleza. Jua lilikuwa kali na nilimwonea huruma. Nilijua tutampandisha tena Desemba, wewe ukiwa likizoni.

Alifariki Septemba, kwa presha, kitandani kwake. Daktari alikueleza wewe mwenyewe. Hukuwaambia wajomba hilo.

Jumamosi nilipanda peke yangu. Nilikaa kwenye jiwe lake, kisha nikaenda kwa mwendo wake, nikisimama pale ambapo angesimama, macho kwenye saa. Dakika 18 mpaka kibandani. Paa limeshaanguka, nguzo zimebaki tatu. Nilitoa simu nikupigie uone, nikairudisha mfukoni.

Ukitaka kukiona, njoo tupande.

Dada yako