Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: mwaka wa kutunza tulivyonavyo

Assalaam alaykum ndugu wanachama, wa Unguja na wa Pemba, na nyie mlosafiri mnaotusoma kwenye simu. Taarifa ya mwaka jana niliianza na vitu vipya tulivyotengeneza, safari hii sina kipya hata kimoja cha kukuonesheni na bora niseme mapema kabla sijaulizwa. Mwaka mzima tumekaa tunatengeneza vilivyoharibika, tunasafisha vilivyochafuka, na tunaandika yale yalokuwa kwenye kichwa cha mtu mmoja tu. Na mie naona ndo mwaka tulofanya kazi ya maana kuliko yote tangu mnipe nafasi hii.

Kwa walojiunga karibuni, sie ni jumuiya ya watu wa ghala la data, yani nyie mnaochukua data kutoka mifumo tofauti, ya mauzo, ya wagonjwa, ya wanafunzi, ya wageni wa hoteli, mkaziweka pahala pamoja kwa mpango mmoja ili mkubwa wa kazi akiuliza swali la miaka mitano apate jibu moja na sio majibu manne. Duniani hii si kazi ngeni, mtaalamu wa Kimarekani Bill Inmon ameifanya ijulikane tangu mwanzo wa miaka ya 1990, akaja mwenzake Ralph Kimball na mtindo wake wa jedwali la matukio, kama kila mauzo, katikati na majedwali ya maelezo, kama eneo au tarehe, yamelizunguka mfano wa nyota, na wengi wetu hapa ndo tunavojenga hivo. Kilichokuwa kigeni ni kuifundisha kwa Kiswahili, kwenye laptopu za kawaida, na umeme wetu huu. Kwa ajili hiyo jumuiya ina jedwali la maeneo ambalo tunatumia wote, ina data za mazoezi, ina vijitabu vya mafunzo na skripti zake, yani amri zilizoandikwa za kuipa kompyuta. Basi, mali yetu ndo hiyo.

Na mali hiyo mwaka huu karibu tuipoteze. Ndani ya Ramadhani mwanachama mmoja wa Wete alitaka kijitabu cha pili akaambiwa hakipo, akajaribu cha kwanza, hakipo, akanipigia mie karibu ya kufutari nikajua mtandao tu. Kumbe hifadhi yetu ya intaneti ilikodiwa kwa jina la ndugu yetu mmoja, na ndugu yetu kapata kazi Muscat, barua pepe ile ya zamani haifungui tena, vikumbusho vya kulipia vikawa vinaingia humo mpaka hifadhi ikafungwa na vilivyokuwemo vikafutwa. Nywila anayo yeye peke yake. Simlaumu hata kidogo na naomba mtu yoyote asimlaumu, kaifanya kazi ile miaka yote kwa mapenzi yake bila ya kulipwa hata nauli, kosa ni letu tulomwachia mtu mmoja mzigo wa watu wote tukawa tunasema "ah, yule anajua".

Tulivirejesha kwa kuokota okota. Skripti nyingi zilikuwa kwenye laptopu ya katibu, vijitabu viwili kwenye flashi ya bwana yule yule wa Wete, na kijitabu cha kusafisha data hakikuwepo kwenye kompyuta yoyote, tukakikuta kwenye duka la kutoa kopi pale Darajani, karatasi, ukurasa wa 14 una alama ya kikombe cha chai na mistari miwili haisomeki. Vijana watatu walikaa wakakichapa upya herufi kwa herufi. Ile mistari miwili ilibidi tuifikirie upya wenyewe, tukaijaribu mpaka skripti ikakubali.

Kwa hiyo kamati ikaamua na mkutano wa katikati ya mwaka ukapitisha: kila kitu cha jumuiya kina walinzi wawili, mmoja Unguja mmoja Pemba, malipo yanatoka kwenye akaunti ya jumuiya, nywila ziko kwenye bahasha mbili zilofungwa, na bekapu, yani nakala ya akiba, inakaa pahala patatu. Halafu kila miezi mitatu mtu anachukua bekapu anairejesha kweli kwenye kompyuta tupu, anafungua, anahesabu safu, yani mistari ya data, kama zimetimia. Mara ya kwanza tulipofanya hivo bekapu moja ilikuwa na faili la ukubwa wa sifuri, limekaa hapo tunalitizama jina lake tu tunaridhika.

Sasa nije kwenye jedwali la maeneo, na hapa nitakaa kidogo mana ndo kitu chetu kinachotumika kuliko vyote. Ni jedwali la maelezo lenye mikoa, wilaya na shehia, zile sehemu ndogo za utawala chini ya wilaya, ukijenga ghala lako hulianzi upya, unachukua letu. Wengi wanaliona jepesi, mikoa mitano, wilaya 11, shehia ndo hizo, nini cha kutunza? Chukueni mfano huu ulotokea kwenye mafunzo. Tuliwapa watu idadi ya watu ya sensa mbili, ya 2012 Zanzibar ilikuwa 1,303,569 na ya 2022 ikawa 1,889,773, tukawambia linganisheni wilaya kwa wilaya. Jumla kwa kila mtu ilikaa sawa. Lakini dada mmoja akanyanyua mkono akasema maalim, kwangu mie Magharibi B mwaka 2012 haina mtu hata mmoja, na ile wilaya ya Magharibi ya watu 370,645 mwaka 2022 wamehama wote.

Hawajahama. Sensa ya 2012 wilaya ya Magharibi ilikuwa moja, baadae ikagawiwa A na B, kwa hiyo wilaya zilikuwa 10 zikawa 11. Jedwali letu la zamani lilikuwa limefutiwa Magharibi likaandikwa A na B, kama vile mambo yamekuwa hivo tangu enzi. Ukifanya hivo umeifuta historia, na ghala la data kazi yake kubwa ni kukumbuka mambo yalivyokuwa siku yalipotokea. Sasa tumelirekebisha, kila safu ya eneo ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, Magharibi ya zamani ipo na imefungwa tarehe yake, A na B zimeanza zao, na kuna sehemu ya pembeni inasema hizi mbili zimetoka kwa ile moja ili anaetaka kulinganisha azijumlishe kwanza. Wenzetu wanaojua wanaita mabadiliko ya aina ya pili. Ilituchukua wiki nyingi mana ilibidi tupitie shehia moja moja, na masheha wawili watatu tuliwapigia simu, Mungu awalipe kwa subira yao.

Na majina yenyewe jamani! Jang'ombe peke yake tuliikuta na namna sita za kuandika, kuna Jangombe, kuna Jan'gombe, kuna ilotenganishwa, na ile alama ya juu kwenye simu inakuja iliyopinda na kwenye kompyuta inakuja ilonyooka, kwa hiyo jicho linaona jina moja na mashine inaona mawili. Kisha ile alama ilonyooka ndo hiyo hiyo SQL, lugha ya kuulizia data, inaitumia kufungia maneno, mtu akiandika skripti ya kuunganisha maneno kwa mkono ikifika Jang'ombe inakatika hapo hapo na kosa linalotoka halieleweki. Ukitaka kupima skripti ya mgeni mpe Jang'ombe kwanza. Na msitegemee jina kuwa ufunguo wa kulitambulishia eneo, Chwaka iko Unguja na Chwaka iko Pemba upande wa Tumbe, tumieni namba ya eneo.

Sasa kwenye programu. PostgreSQL ni programu ya kutunzia data, na kila toleo lake kubwa linatunzwa na waundaji wake miaka mitano, baada ya hapo hata likionekana tundu la usalama haliziibwi. Mazoezi yetu yalikuwa kwenye toleo la 12, nalo lilimaliza muda wake Novemba 2024 na sie tumezinduka mwaka huu, tumehamia la 17. Kuhamisha kwenyewe hakukuwa tabu, tabu ilikuwa kupiga picha zote za skrini upya, mana mwanafunzi akiona kitabuni kitufe ambacho kwenye kompyuta yake hakipo hapotezi imani na ukurasa ule tu, anakifunga kitabu.

DuckDB, programu nyengine ya data ilotoka kituo cha utafiti cha CWI kule Amsterdam, ndo tunayowaanzishia wapya, haitaki sava, data zote zinakaa kwenye faili moja kwenye laptopu yako, umeme ukikatika unamaliza somo kwa betri. Hapa nako tulijifunza kwa kuumia. Zamani tulikuwa tunagawa zoezi kama faili la DuckDB lenyewe, na yale matoleo ya mwanzo yalikuwa yanabadilisha namna ya kuhifadhi mara kwa mara, mpaka wanakaribia toleo la 1.0 la Juni 2024 ndo mambo yakatulia. Mafaili yetu ya kale yakagoma kufunguka. Tukatafuta programu ya toleo lile lile la kale, tukafungulia, tukazitoa data zote kwa CSV, yani faili la maandishi matupu yalotenganishwa kwa mkato, tukaziingiza upya. Siku hizi kila zoezi linatunzwa kwa CSV na skripti ya kulijengea, CSV hata baada ya miaka 20 utaifungua kwa kitu chochote.

Mafunzo ya Chake Chake yalinifurahisha kuliko yote. Data za mazoezi ni za ununuzi wa karafuu, tumezibuni wenyewe, hamna mkulima wa kweli humo wala namba ya simu ya mtu, na hilo hatulilegezi, data za watu si za kufundishia. Mwalimu wetu kutoka mjini akawa anaeleza kwa nini usafishe kabla ya kuingiza ghalani, anaeleza anaeleza, watu wamenyamaza tu. Mama mmoja wa Micheweni, karani wa miaka mingi, akasema, "Kwani karafuu utaitia ghalani mbichi na makonyo yake? Si uchambue, uanike, ndo upeleke?" Chumba kizima kikaamka. Kuanzia hapo kila hatua ikawa inaitwa kwa jina lake la karafuu, kuchuma, kuchambua, kuanika, kupima, kutia ghalani. Mwalimu akaongeza kitu kimoja cha haki, kwamba siku hizi wengi wanaingiza data kama ilivyo kwanza kisha wanachambulia humo humo ndani, mana karafuu mbichi itavunda lakini data haivundi, na ukikosea kuchambua una ya asili ya kurudia. Mama yule akaiandika ile kwenye daftari akaipigia mstari. Kijitabu cha kusafisha tumekiandika upya kwa mpangilio ule wa Pemba, na jina la mama, kwa ridhaa yake, limo ukurasa wa shukrani.

Kuhusu Excel, najua kuna walokasirika tulipoongeza somo zima. Si kwamba tunaichukia, data nyingi zinatufikia kwa Excel na zitaendelea. Lakini mnajua wenyewe namba ya simu ya 0777 inavyopoteza sifuri yake ya mbele, na tarehe tatu mwezi wa nne inavyogeuka mwezi wa tatu. Na Uingereza mwaka 2020, nchi nzima ile, visa 15,841 vya korona havikuingia kwenye hesabu ya kila siku kwa sababu vilipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel inayochukua safu 65,536 tu, zilozidi zikadondoka kimya kimya. Somo linafundisha kuhesabu safu kabla na baada. Dakika mbili.

Mjadala wa maneno bado haujesha. Wapo wanaotaka "bohari" badala ya "ghala", na kwenye vijitabu nimekuta "fakti" na "daimensheni" zimechanganywa na "jedwali la matukio" na "jedwali la maelezo". Kamati imeamua ghala libaki, kila mtu visiwani analijua, na hayo mengine tumeandika yote mawili kwenye orodha ya maneno mpaka tuone watu wenyewe wanasema lipi.

Hesabu za fedha atasoma mshika fedha, mie nasema tu kwamba pesa nyingi imekwenda kwenye hifadhi mpya na nauli za boti. Mwakani pia naomba msitutake tujenge kitu kipya kabla walinzi hawajatimia. Najua vijana wana hamu, na wamenionesha mambo mazuri kweli kweli, lakini kila kipya kinataka mtu wa kukiamkia kikiharibika, na watu hao hatuna wa kutosha.

Karatasi ya walinzi iko kwa katibu, mkitoka ukumbini iko meza ya kulia. PostgreSQL imetimia, DuckDB imetimia, vijitabu vimetimia. Jedwali la maeneo lina mlinzi wa Unguja tu, nafasi ya Pemba iko wazi, na anaeijua Micheweni na Mkoani shehia kwa shehia ndo tunaemtaka, naomba asiondoke kabla ya kuonana na mie.