Barua kwa mwanangu: hewa ipite kwenye mapezi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza kwa nini injini ya radiali ya ndege, ile ambayo silinda zake zimepangwa duara kama miale ya jua, isiachwe wazi ili ipate upepo mwingi, badala ya kuifungia ndani ya kava na kisha kuhangaika na joto. Nakujibu kwa urefu kidogo, maana ukilielewa hili utatafuta hitilafu mahali panapostahili.

Silinda iliyo wazi hupigwa na upepo upande wa mbele tu. Upepo ukishafika ubavuni huachana nayo, na mgongo wa silinda unabaki na hewa inayozungukazunguka bila kupoza. Mbele pamepoa, nyuma pamewaka, na silinda yenye joto la namna hiyo hupinda. Kava huikusanya hewa mbele ya injini na kuitia shinikizo. Mabati yaliyofungwa kati ya silinda na kuzizunguka kwa nyuma huziba kila mwanya, hewa ikabaki na njia moja tu: katikati ya mapezi (zile kingo nyembamba za chuma zinazoizunguka silinda ili itoe joto), imeyabana, mpaka nyuma kabisa. Kwa hiyo hewa kidogo inayogusa chuma hupoza kuliko nyingi inayopita pembeni. Tena ndege inapunguziwa ukinzani: mhandisi Fred Weick na wenzake walipoifanyia kazi kava hii katika maabara ya Langley, Marekani, mwaka 1928, kasi ya ndege ya Curtiss AT-5A ilipanda kutoka maili 118 kwa saa hadi 137, injini ikiwa ileile.

Basi injini ikichemka, usikimbilie kabureta wala magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi) kabla hujayakagua hayo mabati. Subiri injini ipoe, weka taa mbele ya silinda mahali penye giza, halafu chungulia kwa nyuma. Mwanga uonekane ukipenya kwenye mapezi tu. Ukiuona kando ya bati, kwenye tundu la skrubu iliyodondoka, au pale sili ya mpira inapokutana na kava, hapo ndipo shinikizo linapovujia. Bati likae karibu na mapezi lakini lisiyasugue, kwa kuwa mtikisiko utakula kimojawapo. Nyufa huanzia kwenye matundu ya vishikizo. Kama kitabu cha matengenezo kinaruhusu, toboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, kisha tia kiraka. Bati lililopinda lisirudishwe kwa kukisia. Lilinganishe na la silinda jirani.

Angalia pia uchafu. Oili ikivuja na kushika vumbi, mapezi huvaa koti linalozuia joto kutoka, na viota vya nyigu au ndege huziba njia kabisa. Pezi lililovunjika laini kingo zake kwa tupa, mradi sehemu iliyokatika isizidi kiwango cha kitabu.

Nyuma ya kava kuna milango ya kutolea hewa. Ukiifungua, shinikizo la nyuma hushuka, na tofauti kati ya mbele na nyuma ndiyo inayoisukuma hewa. Ardhini ifungue yote na uielekeze pua ya ndege kwenye upepo. Usiifunge ili injini ipate moto haraka: geji itaonyesha joto la kawaida huku nyaya za plagi zikiungua. Wakati wa kupaa iweke kama kitabu cha ndege hiyo kinavyoelekeza, kwa sababu ikifunguliwa mno hukwamisha mwendo, na mwendo wenyewe ni sehemu ya upozaji. Wakati wa kushuka, usiondoe nguvu yote ghafla. Kichwa cha silinda, ambacho ni cha alumini, kikipoa kwa pupa hupasuka.

Geji nayo usiiamini kupita kiasi. Mara nyingi kihisi kimoja kimewekwa chini ya plagi ya nyuma ya silinda moja, ile iliyoonekana kuwa moto zaidi ndege ilipojaribiwa. Bati likilegea kwenye silinda nyingine, geji haitasema lolote. Kwa injini ya R-985 Wasp Junior kikomo cha joto la kichwa ni nyuzi 260 za Selsiasi. Ukivuka hapo injini huanza kugonga, alumini hulegea, na ufa hutokea kati ya tundu la plagi na kiti cha valvu.

Injini za safu mbili zinahitaji uangalifu zaidi, maana safu ya nyuma hupokea hewa iliyokwisha kupashwa moto na ya mbele. Injini ya Wright R-3350 ya ndege ya kivita B-29, yenye silinda 18, iliwatesa watu vibaya katika Vita vya Pili. Marekebisho yake mengine yalikuwa mabati ya kuelekeza hewa kwenye valvu za ekzosi.

Ukitua, acha injini iende polepole mpaka vichwa vishuke chini ya nyuzi 200 hivi ndipo uizime, na milango ibaki wazi mpaka ipoe kabisa. Kisha pitisha mkono kwenye kila bati. Lililolegea utalisikia likicheza.

Niandikie ukishaipima ile injini inayokusumbua, na unitajie ni silinda namba ngapi.

Mama yako