Nilimsomea mwenzangu barua ya kufukuzwa, sasa naitwa kufanya kazi ofisi ileile

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nipo Marekani mwaka wa sita sasa. Usiku napakia maboksi kwenye ghala, mchana nasoma usimamizi wa rasilimali watu katika chuo cha jamii, hivi vyuo vya miaka miwili vilivyojaa watu wazima wenye kazi na familia. Shahada yetu ni krediti 60 na mimi nimeshamaliza 42. Nalala saa ngapi, usiniulize.

Kozi hii niliichagua kwa sababu isiyo na maana sana: niliona watu wa rasilimali watu, ile ofisi inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi, wana viti. Nilipoingia darasani ndipo nikagundua kuwa ni kazi ya sheria na makaratasi, na kila karatasi ina siku zake. Fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi nchini, mfanyakazi anatakiwa awe amejaza sehemu yake kufikia siku ya kwanza ya kazi, halafu mwajiri akague vitambulisho ndani ya siku tatu za kazi. Wenzangu walisinzia, mimi nilifurahi. Napenda mambo yaliyopangwa.

Sasa tatizo langu. Zamu yetu ya usiku ina Waswahili wengi, hasa Wakongo, na baadhi yao Kiingereza hakijawakaa. Kukiwa na jambo, naitwa mimi kutafsiri. Silipwi kwa hilo. Miezi miwili iliyopita niliitwa ofisini saa tisa usiku, nikamkuta mama mmoja ambaye tulikuwa tunapakia naye mstari mmoja, amekaa na glavu zake mapajani. Msimamizi akanipa karatasi, akasema nimsomee.

Ilikuwa barua ya kuachishwa kazi. Pale kwetu kuna mfumo wa pointi: ukikosa siku unaandikiwa, zikifika nane unatoka. Mama alikuwa na nane. Nikamsomea neno kwa neno. Akasema, "Mwanangu, waambie siku zile nilikuwa nampeleka mzee wangu kusafishwa damu, figo zake hazifanyi kazi. Na niliwaambia." Nikatafsiri. Msimamizi akasema anampa pole, ila pointi haziangalii sababu. Nalo nikalitafsiri. Mama akazikunja zile glavu, akaziweka mezani taratibu kama nguo iliyopigwa pasi, kisha akaniuliza mimi, wala si msimamizi: "Natia saini wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole.

Wiki tatu baadaye, somo la sheria za kazi likafika kwenye sheria ya likizo ya familia na matibabu ya 1993. Shangazi, nilikaa pale nasikiliza habari za yule mama. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi, mfanyakazi aliyekaa mwaka mzima na kufanya saa 1,250 katika miezi 12 iliyopita, anastahili hadi wiki 12 za ruhusa bila malipo kwa mwaka, kazi yake ikimsubiri, ili amuuguze mume, mzazi au mtoto mwenye ugonjwa mkubwa. Na si lazima wiki hizo azichukue kwa mkupuo, anaweza kuchukua siku mojamoja. Halafu likaja lililonimaliza: mfanyakazi hahitaji kuitaja sheria kwa jina. Akieleza shida inayoonekana kuangukia humo, ni mwajiri anayepaswa kumjulisha ndani ya siku tano za kazi kama anastahili.

Nikanyoosha mkono, nikauliza kama mtu anayejiandaa na mtihani: je, kama kampuni ina mfumo wa pointi? Mwalimu akajibu kwamba siku zinazolindwa na sheria haziruhusiwi kuhesabiwa pointi. Nililiandika jibu daftarini, na kipindi kile sikusikia kitu kingine.

Mama yule alikuwa na mwaka wa nne pale na ghala letu lina mamia ya watu. Mimi si mwanasheria, huenda kuna jambo silijui. Lakini hesabu nimezipiga mara nyingi, na kila nikizipiga zinaangukia upande wake. Mpaka leo sijamwambia. Tunasali kanisa moja, na kila Jumapili ananishika mkono na kuniuliza masomo yanaendaje.

Mwezi huu meneja wa rasilimali watu kaniita. Wanataka niwe msaidizi wa ofisi: kazi ya mchana, mshahara umepanda kidogo, na masomo nitamalizia jioni. Akaniambia, "Tunahitaji mtu ambaye watu wako wanamwamini." Neno hilo limenikaa kooni. Wananiamini ili iweje?

Mume wangu anasema nichukue bila kuwaza mara mbili, mtu akiwa ndani ndipo anaweza kusaidia. Mwalimu wangu, ambaye alikaa ofisi hizo miaka mingi, hakunipamba. Alisema rasilimali watu si chama cha wafanyakazi, unaajiriwa na mwajiri kwa faida ya mwajiri. Ila ukimzuia meneja asivunje sheria, umewaokoa wote wawili. Nakubali. Lakini msaidizi anamzuia nani? Msaidizi anapanga mafaili. Na kwa hesabu yangu, msaidizi anayejua Kiswahili ndiye atakayesoma kila barua kama ile, safari hii kwa mshahara.

Tena nikiikataa nafasi hii sijui nitapata wapi nyingine. Mwalimu ananihimiza nifanye mtihani wa aPHR, cheti cha wanaoanza kazi za rasilimali watu ambacho hakidai uzoefu wowote, na nitaufanya. Ila matangazo ya kazi ninayosoma yote yanataka mtu aliyewahi kukaa ofisini, na mimi nimewahi kukaa juu ya maboksi tu.

Ninachoomba unisaidie ni hiki. Je, nimwambie mama kwanza, kabla sijajibu habari ya kazi? Sikutia saini ahadi yoyote ya kutunza siri, nilitafsiri tu, lakini nikishaingia ofisini nahisi mdomo wangu utakuwa si wangu tena. Anaweza kupeleka malalamiko Wizara ya Kazi, na kwa kawaida kesi hizi zina miaka miwili kabla hazijafungiwa mlango, kwa hiyo hajachelewa. Akienda, watauliza nani alimfumbua macho, na jibu halihitaji mpelelezi. Sheria inakataza kulipiza kisasi kwa mambo kama haya, hilo nalo nimelisoma, ukurasa naukumbuka. Msimamizi wangu sidhani kama ameusoma.

Au nichukue kazi, nimalize krediti zangu 18, niendelee chuo kikuu nipate cheo chenye sauti, ndipo niseme? Nikilifikiria hili usiku linanipa amani. Asubuhi naliona kama uoga uliovaa suti.

Jibu natakiwa kulitoa Ijumaa ya wiki ijayo. Kabla ya hapo kuna Jumapili moja.

Ni mimi,
Mtafsiri wa zamu ya usiku