Tupeni hata kona ndogo ya tovuti

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua. Kurasa zenu za michezo zikigusa milima ya Alps, na ni mara chache, tunaletewa kitu kilekile: matokeo ya mbio za kuteleza kwenye theluji na picha ya mshindi aliyevaa miwani mikubwa. Mimi ni fundi seremala hapa Majengo, Moshi. Mambo matamu ya milima ile nimeyakuta kwenye tovuti ambazo hakuna aliyenielekeza, nafungua moja nadandia nyingine. Naamini wasomaji wenzangu nao wana za kwao, ila hatuna pa kuambiana.

Nilianza na kamera. Vijiji vingi vya Uswisi vimefunga kamera mlimani, na picha zake ziko wazi kwa yeyote mwenye bando. Nikisubiri gundi ikauke nafungua ya Jungfraujoch, kituo cha treni kilicho mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, ambako reli ilifika mwaka 1912. Mwezi Januari usifungue saa tatu asubuhi yetu, utakuta giza. Kwao ndiyo kwanza saa moja, na jua la majira ya baridi halina haraka.

Kamera ndiyo iliyonishusha Grindelwald, kijiji kilicho chini ya mlima Eiger. Kiko chini kuliko Marangu, lakini kwa kuwa ni mbali na ikweta theluji inalala hadi mlangoni. Hapo nikakuta kitu cha ufundi wangu: baiskeli ya mbao ya kuendea kwenye theluji. Wanaiita Velogemel. Fundi wa mbao wa hapohapo kijijini, Christian Bühlmann, aliipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1911. Haina pedali, haina mnyororo, haina breki. Badala ya magurudumu ina miguu miwili ya kuteleza, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ule wa mbele unageuka na usukani, ukitaka kusimama unakanyaga theluji kwa buti. Nilikuza picha hadi ikaanza kuvunjikavunjika, nikitaka kuona shingo ya usukani inavyopita kwenye kiunzi, maana hapo ndipo mbao hupasuka. Hata vigari vya beringi wanavyoburuza watoto wetu kwenye miteremko huku hufia palepale. Watu wa kijiji kile walikuwa wakiiendea kazini na shuleni, na tangu 1996 wanaifanyia mashindano ya dunia kila mwaka. Hilo kwenye ukurasa wa michezo sijaliona.

Wala sijaona farasi wa St. Moritz, mji wa hukohuko Uswisi, wanaokimbizwa Februari juu ya ziwa lililoganda, mashindano yaliyoanza hapo ziwani mwaka 1907. Kuna mbio ambazo farasi hapandwi kabisa. Mtu anasimama nyuma kwenye mbao zake za kutelezea, ameshika kamba ndefu, anaburutwa huku akimwagiwa vipande vya barafu usoni. Matajiri wana mambo yao.

Tovuti niliyoiheshimu kuliko zote haina mchezo ndani yake. Ni ya taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos. Majira ya baridi wanatoa taarifa ya maporomoko ya theluji saa kumi na moja jioni na tena saa mbili asubuhi, ramani nzima ikiwa imepakwa rangi kwa ngazi za hatari kuanzia 1 hadi 5. Anayetaka kuteleza nje ya njia zilizotengenezwa anaisoma kwanza. Inaeleza hata upande gani wa mlima ni wa kuogopa, na kuanzia urefu gani. Mtu ataniuliza seremala wa Majengo inamhusu nini. Hainihusu, ila naisoma kama wengine wanavyosoma msimamo wa ligi. Palipo na Kijerumani pekee natumia tafsiri ya simu, ambayo siku nyingine ni kichekesho tosha.

Ombi langu ni hili: kila Jumamosi tengeni kona ndogo, msomaji aandike tovuti moja aliyoipenda, ina nini ndani, iko kwa lugha gani, na inakula bando kiasi gani. Iwe ya milima, ya mbegu za nyanya au ya saa za zamani, yote sawa. Ninyi kazi yenu iwe kuikagua kabla ya kuichapa, maana matapeli nao wana tovuti nzuri.

Mkisema nafasi hakuna, nitawaonyesha ilipo: safu ya nyota. Mimi ni Ng'ombe, mke wangu ni Nge, na juzi sote wawili mmetutabiria safari ya ghafla na kuachana na mpenzi.

Fundi seremala,
Majengo, Moshi